Sahani za Ukutani: Maisha ya Sayyida Salme

Kwa bibi yangu kule Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa, wilaya ya Ludewa, kuna sahani tano ambazo hazijawahi kupakuliwa chakula. Zina maua mekundu katikati na ukingo wa bluu, na zimesimamishwa ndani ya kabati la vioo pale sebuleni. Zilikuwa sita. Babu alizinunua Tanga alipokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, kabla ya Uhuru, akarudi nazo safari nzima zikiwa zimeviringishwa ndani ya blanketi. Ya sita niliivunja mimi nikiwa na miaka tisa, siku ya Krismasi, nilipotaka kulia wali kwenye sahani ya wageni. Sikuchapwa. Bibi aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa, akavirudisha kabatini kukaa na wenzao.

Mwaka huu Bibi anahamia Njombe mjini kwa baba mdogo. Nyumba ni mpya, imepigwa marumaru chini na jikoni zimepanda mpaka ukutani. Baba mdogo alituma ujumbe kwenye grupu la familia kwamba vyombo vya zamani visibebwe, vigawiwe majirani, maana nyumba haitaki uchafu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuweka dole gumba. Niliona ana hoja. Sahani isiyolisha mtu miaka sitini ina kazi gani?

Siku chache baadaye nikapangiwa mada ya semina kwenye somo la historia: maisha ya Sayyida Salme binti Said wa Zanzibar. Nilidhani nitasoma harakaharaka, nipate alama zangu, nirudi kusubiri bumu kama wenzangu. Kumbe nilikuwa najitafutia kesi.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 kwenye Kasri ya Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuifanya karafuu kuwa uhai wa kisiwa. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi kutoka milima ya Kaukasi. Huyu mama alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akaishia kuwa suria wa Sultani. Shika hilo la mama, tutalirudia.

Kasri ya Mtoni ilikuwa kama kijiji. Salme mwenyewe alikadiria kwamba waliishi humo watu wapatao elfu moja: masuria, watoto, watumishi, watumwa, wageni. Uani walitembea tausi na swala, na kulikuwa na mabirika ya kuogea ambayo hayakukosa watu mchana wala usiku. Baadaye yeye na mama yake walihamia mjini, kwenye nyumba ya kaka yake Majid iliyoitwa Beit al-Watoro, na huko Majid akamfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Mtoto wa kike wa kasri hakutakiwa kujua kuandika, kusoma tu kulitosha. Salme akachukua msahafu na mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa chuoni waliutumia kama sisi tulivyotumia kibao, akawa ananakili herufi kwa siri mpaka mkono ukazoea. Nikiwa mwanafunzi wa ualimu, hapo nilisimama kidogo. Hakuwa na mwalimu, mtaala wala zana, ila mfupa na nia.

Sasa tuingie ndani ya vyumba, maana huko ndiko nilikokutana na Bibi yangu.

Kwenye kitabu chake, Salme anaeleza jinsi vyumba vya watu wenye uwezo vilivyopambwa. Vilikuwa virefu na vyembamba. Kuta nene za mawe ziligawanywa kwa zidaka, yaani vishubaka vilivyochimbwa ukutani, ambavyo vilitoka karibu na sakafu vikapanda juu kabisa. Ndani yake zilipita rafu za mbao zilizopakwa rangi, na juu ya rafu zilipangwa sahani, bilauri, majagi na mabakuli, kwa ulinganifu, cha huku kikitazamana na cha kule. Kati ya kidaka na kidaka vilisimama vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya. Na saa pia: nyumba moja ingeweza kuwa na saa nyingi, kila moja na mlio wake. Mtu akiona sahani nzuri yenye michoro hakuuliza sana bei. Kama inapendeza, inanunuliwa. Hakuna aliyewaza kula humo. Sahani ile kazi yake ilikuwa kutazamwa.

Hilo halikuanza na masultani. Mwambao wetu una mazoea ya karne nyingi ya kuweka vyombo vya udongo wa kung'aa mahali pa heshima. Ukipanda daladala kutoka Mwenge mpaka Kunduchi, pale magofuni utaona makaburi yenye nguzo, na kwenye nguzo hizo kuna alama za mviringo mahali palipopachikwa mabakuli ya Kichina. Kilwa na Gedi ni hivyohivyo. Bakuli lililovuka bahari lilifika, likatazamwa, kisha likafuatana na mwenye nalo mpaka kaburini.

Wala si sisi peke yetu. Miaka ileile ya utoto wa Salme, Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa imepagawa na vigae vya mapambo. Viwanda vya Stoke-on-Trent, kama kile cha Minton, vilitoa vigae vya maua na rangi kwa sakafu za makanisa na majengo ya serikali, na baadaye kwa meko na vibaraza vya nyumba za watu wa kawaida. Mpaka leo wapo watu wanaovitafuta kimoja kimoja kwenye nyumba zinazobomolewa, wanavisafisha, wanavitundika. Kwa hiyo mwenye kigae kimoja ukutani kule London na Bibi mwenye sahani tano kule Manda wanafanya jambo moja. Wanasema hiki kitu ni kizuri, na uzuri peke yake ni kazi tosha.

Mpaka hapo nilikuwa nafurahia semina yangu. Kisha nikajiuliza swali ambalo mwalimu yeyote wa historia angeuliza: fedha ya sahani ilitoka wapi?

Zanzibar iliuza karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Iliuza pembe za ndovu, na pembe zilibebwa kutoka bara kwa mabega ya watu. Iliuza watu wenyewe. Na sehemu kubwa ya watu hao ilitoka upande wetu, nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Misafara ilikatiza kwenda pwani ya Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa majahazi yakapanda mpaka Unguja. Yaani wakati Salme anapanga bilauri zake kwa ulinganifu, kulikuwa na watu kutoka mwambao niliozaliwa mimi wanaotembea miezi kwa miguu, shingoni wana mti au mnyororo. Niliposoma hivyo, lile kabati la vioo la kwetu nililiona tofauti. Nikaona aibu kidogo kwa nilivyokuwa nashangilia zidaka.

Turudi kwa Salme, maana maisha yake nayo hayakukaa rafuni.

Mwaka 1856 baba yake alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Majid akawa mtawala wa Zanzibar. Salme alikuwa na miaka kumi na mbili tu, lakini alihesabiwa mtu mzima akapewa urithi wake: shamba, nyumba na fedha. Mwaka 1859 mama yake akafa kwa kipindupindu. Mwaka huohuo kaka mwingine, Barghash, alipanga kumpindua Majid, na dada yao Khole akamvuta Salme kundini. Sasa ule mfupa wa ngamia ukazaa matunda machungu. Kwa kuwa alijua kuandika, binti wa miaka kumi na mitano akawa karani wa uasi, akiandika barua za siri usiku. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akajitenga mashambani. Majid alimsamehe. Baadhi ya ndugu hawakumsamehe, na alipopatana na Majid, upande wa Barghash nao ukamwona msaliti. Akawa hana kambi.

Aliporudi mjini alipanga nyumba jirani na Mjerumani mmoja kijana, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Paa zao zilikaribiana. Wakapendana, Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, Mwislamu, ambaye hajaolewa, hilo lilikuwa jambo la kufa. Agosti 1866 alipanda usiku manowari ya Kiingereza Highflyer, akapelekwa Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume. Mei 1867 alibatizwa, akachukua jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa na Ruete, wakaanza safari ya Ujerumani. Yule mtoto alifariki mwaka huohuo.

Hebu fikiria mtu aliyezoea joto, lugha ya Kiarabu na Kiswahili, nyumba yenye watu elfu moja, anashushwa Hamburg ambako hajui neno la Kijerumani. Alizaa watoto watatu katika miaka mitatu. Mwaka 1870 mume wake alipata ajali ya tramu akafa. Salme alikuwa na miaka ishirini na mitano, sawa na baadhi yetu hapa chuoni, mjane mwenye watoto wadogo watatu katika nchi ya ugeni. Mwaka huohuo Majid akafa Zanzibar, na aliyekalia kiti ni Barghash, yule aliyemwandikia barua za uasi. Hakumtaka tena. Urithi wake uliobaki Unguja hakuupata.

Kuanzia hapo alihamahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Fedha zilipungua. Alifundisha Kiarabu ili ale. Mwaka 1875 alisikia Barghash anazuru London, akafunga safari kumwona. Wakubwa wa Kiingereza wakamshawishi aache, kwa ahadi ya kusaidiwa watoto wake ambayo haikutimizwa. Mwaka 1885 Wajerumani wakamkumbuka kwa sababu zao. Bismarck alitaka kumbana Barghash akubali madai ya Wajerumani huku bara, na binti wa Sultani mwenye watoto raia wa Ujerumani alikuwa kete nzuri. Wakamleta Zanzibar na meli, manowari zikiwa bandarini. Watu mitaani walimlaki. Kaka yake hakumpokea. Barghash alipokubali matakwa yao, kete haikuhitajika tena. Kasri ya Mtoni, alikozaliwa, aliikuta imeshakuwa gofu.

Hapa historia inagusa tena nyumbani kwetu. Wajerumani walioshinda madai yale ndio waliofika mpaka Ziwa Nyasa na kuiita Manda kwa jina lao, Wiedhafen. Salme hakuwahi kuiona Manda. Lakini mambo yaliyopita juu ya kichwa chake yalitufikia sisi.

Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, alichoanza kuwaandikia watoto wake. Ndicho chenye zile rafu, zile sahani na zile saa. Alirudi Zanzibar mara moja tena mwaka 1888, Barghash akiwa ameshakufa, bila mafanikio. Baada ya hapo akaishi miaka mingi Jaffa na Beirut, karibu na sauti ya Kiarabu, mpaka 1914 aliporudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka sabini na tisa. Kwenye vitu vyake walikuta mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Zanzibar. Ukazikwa naye Hamburg.

Katika nyumba zote zile za vioo na sahani, alichobaki nacho ni mchanga.

Ningependa kuishia hapo, maana ni pazuri pa kuishia. Ila nitakuwa nimewadanganya. Katika kitabu hichohicho Salme alitetea utumwa. Aliona utumwa wa Waarabu ni mpole, na Wazungu wanaopiga kelele hawauelewi. Huyu ni binti wa mwanamke aliyetekwa na kuuzwa. Alijua mama yake alikotoka, na bado hakuweza kuona wachumaji wa karafuu kwa jicho lile alilomwonea mama yake. Mwaka 2019 jiji la Hamburg lilitoa jina lake kwa uwanja mmoja mdogo kwa heshima. Mwaka uliofuata, baada ya watu kusoma vizuri aliyoyaandika, ikaamuliwa jina liondolewe.

Kwenye semina tuligawanyika. Wengine walisema asifundishwe kabisa. Wengine walisema ni shujaa wa wanawake, tusimchafue. Mimi niliposimama sauti ilinitetemeka, nikasema natoka Ziwa Nyasa, na kama kuna mtu humu ana haki ya kumkasirikia ni mimi. Na bado sitaki kitabu chake kifungwe. Bila yeye tusingejua chumba kile kilipangwaje, na bila kujua kilipangwaje tusingeuliza nani alikilipia. Sahani inabeba habari zote mbili: jicho la aliyeipenda na mgongo wa aliyeigharimia. Ukiitupa, zote mbili zinapotea. Ukiisifu tu, ya pili inapotea.

Nikakaa, na ndipo nikakumbuka lile dole gumba langu kwenye grupu la familia.

Babu alikuwa manamba. Hatukuwahi kukaa nikamuuliza mkonge ulivyokuwa. Alishafariki kabla sijawa na akili ya kuuliza. Ila najua kwa kusoma kwamba vijana wa nyanda za kusini walichukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge, kwa ujira mdogo, mbali na kwao. Katika ujira huo, Babu alitenga fedha ya sahani sita za maua. Angeweza kununua jembe, na pengine alinunua. Lakini alitaka pia kitu cha kutazamwa. Kwa hiyo mgongo uliozilipia zile sahani tunaujua ni wa nani. Ni wetu. Hazikununuliwa kwa kumuuza mtu. Hiyo ni tofauti kubwa kati ya kabati la Bibi na zidaka za kasri, na ilibidi nimsome binti wa Sultani ndipo niione.

Nilimpigia Bibi. Baada ya shikamoo na habari za ziwa, nikamuuliza kama anataka kwenda na sahani zake Njombe. Akanyamaza. Akasema yeye ni mtu wa kupelekwa, hawezi kuwapangia watoto nyumba yao. Nikamuuliza tena, lakini wewe unataka? Akasema kila asubuhi akifungua dirisha jua likipiga kwenye yale maua, anajua Babu alimfikiria huko alikokuwa. Basi. Hakuongeza.

Nikaandika kwenye grupu kwamba naondoa dole gumba langu. Nikamweleza baba mdogo kwa heshima, maana ni baba, kwamba marumaru zake ni nzuri na ukuta wa sebule una nafasi ya rafu moja ya mbao, fundi seremala nitamlipa mimi bumu likitoka. Alijibu kwa kuuliza nani atazibeba kwenye basi lile kutoka Ludewa, na barabara ile, zisivunjike zote. Nikamwambia nitazipakata. Bado hajajibu, ila shangazi ameweka moyo.

Mwakani nitakwenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Sijui nitapangiwa shule gani, pengine Makambako, pengine mbali zaidi. Najua tu nitakavyoanza kipindi cha kwanza cha historia. Nitawaomba wanafunzi kila mmoja ataje kitu kimoja cha nyumbani kwao ambacho hakitumiki na hakitupwi. Kisha tutaulizana maswali mawili: nani alikipenda, na nani alikilipia.

Na vile vipande vya sahani ya sita, nitavibeba pia.